Anwani ya 169.254 si ugonjwa wa Windows

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ofisini kwetu hapa Mwanga, Kigoma, tuna swichi mbili za mtandao za Cisco zilizogawanywa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile: ya 10 ni ya mapokezi, ya 20 ni ya uhasibu. Tangu umeme ukatike Ijumaa, kompyuta zote za uhasibu zinaonyesha anwani inayoanza na 169.254 na hazifiki kwenye seva. Fundi ameziwekea mbili anwani kwa mkono. Zinaonana zenyewe, lakini nje hazitoki. Sasa anataka kupiga Windows upya. Tumruhusu?

JIBU: Marahaba. Msimruhusu.

Anwani ya 169.254 haitolewi na mtandao. Kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani mtandaoni, na kukosa jibu, kwa hiyo Windows imetimiza wajibu wake na ombi ndilo lililopotea njiani. Fundi wenu ameonyesha, pasipo kukusudia, lilipopotelea. Ombi hilo ni tangazo, yaani ujumbe unaotumwa kwa wote kwa pamoja, na tangazo halitoki nje ya VLAN yake. Ili livuke kwenda swichi ya pili ni lazima tranki, yaani kiungo cha swichi kinachobeba VLAN nyingi kwa pamoja, ilibebe likiwa na lebo ya namba 20. Kompyuta zinazoonana zenyewe lakini hazifiki kwenye ruta zina kebo nzima: yaelekea ama tranki haipitishi 20, ama milango yao ya swichi imerudi VLAN 1, ile ya kiwandani.

Kwa kuwa hitilafu ilianza umeme ulipokatika, ninamshuku aliyefanya mabadiliko ya mwisho bila kuyahifadhi, kwani swichi ikizimika hurudia mipangilio iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Angalieni kwa amri ya "show interfaces trunk" kwenye swichi zote mbili, kisha "show vlan brief". Ikiwa 20 haimo kwenye orodha ya tranki, iongezeni kwa "switchport trunk allowed vlan add 20". Neno "add" lisisahaulike, maana bila hilo orodha yote ya zamani hufutwa na mapokezi nayo yatakatika. Mkimaliza, hifadhini kwa "copy running-config startup-config".

Kinachonikera zaidi ni hiyo anwani ya mkono, ambayo hapa Tabora naikuta karibu kila ofisi ninayoitwa. Haitibu chochote. Ni kipimo cha dakika tano, lakini mafundi wa njia za mkato huiacha humo, wakapokea malipo yao na kuondoka. Miezi ikipita DHCP humpa mtu mwingine anwani ileile, kompyuta mbili zikaanza kugombana, na anayeitwa safari hiyo huanza kutafuta virusi. Wengine huchukua pini na kubonyeza kitufe cha kurudisha swichi kama ilivyotoka kiwandani, wakafuta mgawanyo wote wa VLAN ambao hakuna aliyeuandika popote. Fundi asiyeomba kwanza nakala ya mipangilio msimkabidhi ufunguo wa chumba cha swichi. Na zile kompyuta mbili zirudisheni kwenye DHCP leo hii, tranki ikishapona.