Kitulo na familia Desemba: pandia Chimala, shukia Isyonje

Mkuu umeuliza kama Desemba unaweza kutoka Dar na mama watoto na watoto kwa RAV4 yako mwende Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya maua Nyanda za Juu Kusini, kwa njia za vijijini, muone milima, sio kukimbizana na malori kwenye lami tu. Umejibiwa "inawezekana" basi. Inawezekana kweli ila ina masharti yake, na mi huko nimepita wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Kwanza ujue maua na tope huko vinakuja pamoja. Nyanda za Juu Kusini mvua inaanza Novemba inaenda mpaka Aprili hivi, na maua yanachanua humo humo. Ukienda Julai barabara kavu lakini juu kule ni majani yamekauka na baridi ya kugandisha umande. Kwa hiyo Desemba yako iko sawa kabisa, usibadilishe, ila safari ipange kwa masaa sio kwa kilomita. Mvua mara nyingi inashuka mchana, asubuhi ndo ya kutembea. Usijaribu kutoka Dar ukapande mlima siku hiyo hiyo, lala Makambako, na njiani kwenye vijiji shika 50 maana tochi za trafiki za kupima spidi zipo za kutosha.

Sasa ukifika Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, unaiacha lami unapanda kwenda Matamba kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, kona 57 kweli, zimekunjwa moja juu ya nyingine, yani unakata kona unachungulia chini unaona turubai la Fuso liko kwenye kona uliyotoka dakika tatu zilizopita. Kabla hujapanda ongea na madereva wa Fuso na Kenta pale Chimala, wao wamelala huko au wameshuka leo, watakwambia wapi pameteleza, hiyo habari simu haina. Zima AC, gia ya kwanza na ya pili, jicho kwenye joto la injini, honi kila kona. Gari la viazi likishuka na lumbesa zake tafuta pa kujibana mapema umpishe, usishindane nalo. Pakiwa pamepanuka simama, watoto washuke waangalie bonde la Usangu lote limelala chini yao mpaka macho yanaishia. Mi sijaona barabara nzuri kuliko hiyo nchi hii na nasema kwa moyo wote.

Ndo maana nakwambia upandie Chimala, usishukie huko. Kushuka kona zote zile kwa mtu mgeni ni mguu kwenye breki muda wote, zinachemka zinaanza kunuka, na pale sio pa kujifunzia.

Matamba lala. Ofisi ya hifadhi iko hapo hapo, kalipie kabisa na ujue keshi hawapokei. Mafuta jaza full Chimala. Uwanda wenyewe uko kama mita 2,600 kwenda juu, kwa hiyo masweta na soksi za watoto sio utani, na ukiletewa jiko la mkaa la kuota tafadhali lisilale nanyi chumbani mmefunga madirisha, ile hewa inaua kimya kimya. Kwenye maua wakanye watoto wasing'oe, hasa okidi, mizizi yake imechimbwa sana kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa na mizizi hiyo, inayouzwa mpaka Zambia, na kuokoa yale maua ni sababu kubwa ya Kitulo kufanywa hifadhi 2005.

Ukimaliza vuka uwanda utokee Kikondo mpaka Isyonje, unaikuta lami ya Mbeya Tukuyu. Hapo chagua, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu au mteremke mpaka Matema mkaoge Ziwa Nyasa.

Ila niambie kitu kimoja, hiyo RAV4 inavuta matairi yote manne au ya mbele tu? Maana zipo za aina zote mbili. Kama ni ya mbele tu mpango wa Chimala uache, zungukia Njombe mpaka Makete ambako ni lami, gari liache hapo mkodi la mwenyeji lenye fowili (la kuvuta matairi yote manne) liwapandishe juu asubuhi na kuwarudisha kabla mvua haijashuka.