Maswali ya Wasomaji: Minara Mitakatifu Kando ya Mto Mekong

SWALI: Mhariri, salamu. Oktoba nitakwenda Bangkok kwa biashara ya vito, nami nitabakiwa na siku tatu. Mwenyeji wangu ananishauri nizitumie katika jimbo la Nakhon Phanom, penye mto na mahali pa hija pa Wabuddha. Mimi ni Mwislamu; je, nitaruhusiwa kuingia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Utaingia, ndugu yetu, bila kuulizwa dini, mradi mabega na magoti yamesitiriwa na viatu umevivua mlangoni. Jimbo hilo liko kaskazini-mashariki mwa Thailand, ng'ambo ya Laos, na kwa kuwa basi litakumalizia siku nzima, panda ndege katika uwanja wa Don Mueang, hapo hapo Bangkok.

Anzia hekalu la Wat Phra That Phanom, kusini mwa mji wa Nakhon Phanom. Mnara wake mweupe wenye nakshi za dhahabu, unaopita mita 50, unaaminiwa kuhifadhi mfupa wa kifua cha Buddha. Ule wa kale uliporomoka kwa mvua Agosti 1975, na huu ukakamilika 1979. Mahujaji huuzunguka mara tatu, mnara ukiwa mkono wao wa kulia, wameshika maua, mshumaa na vijiti vitatu vya udi. Wewe mtazamaji kaa pembeni, wala usikatize mbele ya anayesujudu.

Jimboni kuna minara mingine, na kila siku ya juma ina wake: aliyezaliwa Jumapili huzuru Phra That Phanom, wa Jumatatu Phra That Renu, wa Ijumaa Phra That Tha Uthen. (Kina Juma wa kwetu hawana haja ya kuuliza.) Usijaribu kuimaliza yote kwa siku tatu, chagua miwili, muda unaosalia uupe mto.

Lala mjini, ukingoni. Kwa kuwa ukingo huo unaelekea mashariki, alfajiri utaona milima ya mawe ya chokaa ya Laos, yenye ncha kama meno ya msumeno, ikianza kuwa myeusi kabla jua halijachomoza nyuma yake.

Muulize mwenyeji wako tarehe ya kumalizika kwa mfungo wa Wabuddha (miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hutulia hekaluni), tarehe ambayo hufuata mwezi mpevu na mara nyingi huangukia Oktoba. Usiku huo mashua zilizopambwa kwa maelfu ya taa huelea mtoni, na vyumba hujaa mapema, hivyo weka nafasi kabla hujakata tiketi.