Jibu: Picha tano za maisha yangu, zishikane vipi?
Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje picha zako tano za somo la sanaa zionekane ndugu, wakati moja ni ya bibi, nyingine ya safari ya shule, nyingine ya msiba. Mada unazo tayari, usihangaike nazo. Tafuta kitu kimoja kitakachorudi kila picha. Ile kanga ya bibi uliyoitaja inatosha kabisa: mara imeanikwa, mara imefunika meza, mara inaonekana pindo tu mlangoni. Mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko, baada ya ajali ya basi ya 1925, alichora akiwa kitandani huku akijitazama kwenye kioo, na sura yake ikaendelea kurudi katika kazi zake.

Kwenye rangi, changanya kahawia moja ya kutosha, ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, kisha tia kidogo katika kila rangi nyingine. Rangi ya akriliki ikikauka hukolea, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni. Ukubwa uwe mmoja. Ya msiba usianze nayo, mkono bado haujazoea. Mwalimu akidai maelezo, sentensi mbili tatu zinatosha. Hulazimiki kuanika mambo yote ya nyumbani.