Hita ya gari Mtwara? Ndiyo, na niliibadilisha mwenyewe

"Kaka, Mtwara hita ya nini?" Ndivyo fundi alivyonijibu nilipomwonyesha kapeti la upande wa abiria limelowa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, yaliyovuja kwenye hita. Akachomoa ile mipira miwili ya hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, tukaagana. Kwa hapa mjini hakukosea. Anayewasha hita Chikongola mwezi wa Desemba ana matatizo mengine.

Yakanikuta Julai, Newala. Aliyewahi kulala kule juu anaijua asubuhi yake: unasimama Shimo la Mungu, ukungu umejaa bondeni, shimo lenyewe hulioni. Garini tulikuwa watano, pumzi zetu zote zimehamia kwenye kioo cha mbele. AC ilishakufa siku nyingi. Nilishuka ule mlima nikifuta kioo kwa kanga ya shemeji, na shemeji mwenyewe anasali kwa sauti. Hewa ya moto ya hita ingekikausha kile kioo. Nikaapa hita inarudi.

Ila kabla hujanunua spea, hakikisha mgonjwa ni hita kweli. Kapeti hulowa pia kijibomba cha kutolea maji ya AC kikiziba, lakini maji hayo ni meupe na hayana harufu. Kulanti ina rangi, inateleza ukiisugua vidoleni, inanukia utamu, na huacha utando kama wa mafuta kwenye kioo. Utamu huo usikudanganye, ni sumu. Ile niliyoitoa kwenye rejeta, kile kipoza maji cha mbele ya injini, niliikinga kwa karai, nikaifungia kwenye galoni, maana nyumbani kuna paka na kuku wa jirani.

Hita yenyewe ni rejeta ndogo tu iliyofichwa nyuma ya dashibodi: maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza. Kazi ngumu ni kuifikia. Injini ikiwa imepoa kabisa, nilichomoa waya wa hasi wa betri nikanywa chai kwanza, kwa sababu mifuko ya hewa ya usalama inaweza kufyatuka umeme ukiwa bado umebaki. Usianze kuchokonoa dashibodi dakika hiyo hiyo. Kwenye Toyota yangu ya zamani nilitoa droo ya mbele ya abiria, plastiki za katikati na chuma kimoja, hita ikachomoka kwa ubavuni. Magari mengine hayana huruma hiyo. Kama lako linataka boksi zima litoke pamoja na sehemu ya AC, gesi itolewe kwanza na mwenye mashine. Mabomba ya AC usiyalegeze mwenyewe, gesi ile inaunguza ngozi kwa baridi.

Skrubu zipige picha, kisha kila kundi litie kwenye kikombe chake. Na mipira iliyoganda usiipindepinde kwa koleo, utavunja vibomba vya hita. Ichane kwa wembe kwa urefu, uweke mipya na klampu mpya. Bei yake haifikii usumbufu wake.

Kabla ya kufunga hita mpya nilipitisha maji ya bomba, taratibu, kwenye njia za injini. Yalitoka matope mekundu kama ya barabarani. Hapo nikajua nani kaiua hita ya kwanza: mimi, na ndoo zangu za maji ya kisima yenye chumvi. Siku hizi ni kulanti nusu na maji ya betri nusu, yale safi ya chupa. Sisemi asidi, tusielewane vibaya.

Kosa langu kubwa lilikuwa haraka. Nilirudisha dashibodi yote, nikajipongeza, nikawasha. Tone. Tone. Klampu moja sikuikaza. Saa tatu zikaenda bure, nikaanza upya na bisibisi. Wewe jaza maji, washa injini, angalia maungio kwa tochi dashibodi ikiwa bado wazi. Plastiki ziwe za mwisho.

Halafu hewa. Ikibaki ndani gari litachemsha hata kama kila kitu ni kipya. Niliegesha pua ikielekea juu kwenye mteremko, kifuniko cha rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi, hita kwenye moto wa mwisho. Mapovu yakitoka unaongeza, mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto na mapovu yaishe. Injini ikiwa ya moto lakini hita inapuliza baridi, hewa bado imo. Na kifuniko kikishafungwa, usikiguse tena mpaka injini ipoe.

Jaribio nililifanya uani, saa nane mchana, vioo vimefungwa, hita imefunguliwa yote. Robo saa. Wanangu walikaa kivulini chini ya mkorosho wakinihesabia dakika kwa kelele. Nilitoka shati linakamulika, lakini kapeti kavu.