Mjumbe wa baraza la chuo aweza kuomba kazi katika chuo hicho?

Swali: Mimi ni mjumbe wa baraza la chuo kikuu kimoja cha umma hapa Kenya, na muhula wangu haujaisha. Nafasi ya msajili imetangazwa, na vyeti na uzoefu unaotakiwa ninao. Je, nikijiondoa kwenye kikao cha usaili, itatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu.

Fungua kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kinapoorodhesha kazi za baraza, kinaanza na kuajiri wafanyakazi. Kwa hiyo wewe na wenzako ndio mwajiri, na barua yako ya maombi unajiandikia mwenyewe. Siku ya usaili utatoka nje ya chumba, sawa, lakini watakaobaki ndani ni wale wale uliokaa nao miaka miwili, na mwezi ujao mtakutana tena kwenye bajeti. Hiyo ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Sijasema huna haki ya kufikiriwa. Ibara ya 232 ya Katiba inataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa sifa, na sifa unazo. Ila ibara ya 75 inamtaka afisa wa dola aepuke mgongano kati ya maslahi yake na wajibu wake, na usijitetee kwamba hayo ni ya mawaziri na wabunge. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 kinayapeleka masharti ya Sura ya Sita ya Katiba, iliyo na ibara hiyo ya 75, kwa maafisa wote wa umma. Wengi hukisahau, hata mawakili.

Watu hudhani tatizo liko kwenye kura. Mimi nikiletewa jalada la namna hii, alama za usaili huwa nazisoma mwisho. Naanza na kumbukumbu za vikao vya nyuma. Nani alikuwepo masharti ya kazi yalipopangwa? Nani alipitisha ngazi ya mshahara? Nani alijua msajili anaondoka, miezi kadhaa kabla ya tangazo kutoka gazetini? Mwombaji wa nje hakuwa na lolote kati ya hayo. Kwa hiyo ikiwa ulikaa katika kikao hata kimoja kilichoiunda nafasi hii, iache ipite, hata kama hukufungua mdomo.

Kama hukushiriki, jiuzulu kwanza, ndipo uombe. Usingoje kuona kama jina limo kwenye orodha ya watakaosailiwa. Huko ni kuweka mguu mmoja kwenye kila mtumbwi. Andika wazi kwenye maombi kwamba ulikuwa mjumbe, na liombe baraza liweke wasaili wengi kutoka nje ya chuo. Aliyeshindwa aweza kudai kumbukumbu kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kisha aende mahakamani. Uteuzi ukifutwa, kiti cha baraza huna na kazi huna.

Ubora wa mtu hauondoi doa. Mwaka 2012 Mitch Daniels, gavana wa Indiana kule Marekani, alichaguliwa kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Purdue na bodi ya wadhamini, yaani baraza la chuo kwa lugha yetu, ambao wengi wao aliwateua yeye. Alikiongoza chuo miaka kumi akiwa amesimamisha karo isipande, na bado swali la namna alivyoingia liliendelea kuulizwa. Naye hakuwa hata mjumbe wa bodi.

Barua ya kujiuzulu mwandikie Waziri wa Elimu, nakala kwa mwenyekiti wa baraza, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Tarehe ya muhuri huo ndiyo wakili wa upande wa pili atakayoiulizia kwanza.