Maumivu ya kinywa na uso: jiandae hivi kabla ya kuongea na daktari kwa video

Daktari aliye kwenye skrini hawezi kugonga jino lako, kupiga eksirei wala kuziba tundu. Anachoweza ni kuuliza, kutazama, na kukuelekeza mikono yako ifanye kazi ya mikono yake. Kwa maumivu ya kinywa na uso hilo si jambo dogo, maana sehemu kubwa ya utambuzi hutoka kwenye maelezo ya mgonjwa. Kuna watu wamepoteza meno mazima, moja baada ya jingine, kwa kuwa hakuna aliyeuliza maumivu yenyewe yanakujaje.

Yapo yasiyosubiri simu. Uvimbe wa chini ya taya au shingoni unaokua, mate hayamezeki, ulimi umeinuka, pumzi inabana: nenda hospitali hata kama ni saa nane usiku. Taya linalouma ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika laweza kuwa ni moyo. Na aliyepita miaka 50 akiumwa panja, taya likachoka akitafuna, macho yakaanza kufifia, awahi siku hiyohiyo kabla hajapoteza uwezo wa kuona.

Ukiwa huna hayo, anza na maneno. "Linauma sana" halimfikishi daktari popote. Sukutua maji baridi upande unaouma, kisha hesabu sekunde. Maumivu yakiondoka mara tu maji yakitoka, mara nyingi kiini cha jino, ile sehemu laini ya ndani yenye neva (mishipa ya fahamu) na mishipa ya damu, bado kinaokoleka. Yakibaki dakika nzima au zaidi, au yanaanza yenyewe na kukuamsha usingizini, kiini kimeharibika: hapo ni matibabu ya mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya jino) au kung'oa, na simu itakusaidia tu kujua uende wapi na kwa haraka gani. Meno kadhaa ya juu nyuma yakiuma kwa pamoja, uzito usoni ukiongezeka unapoinama, na una mafua, huenda tatizo ni sainasi, yaani mianya ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso. Maumivu kama shoti ya umeme, upande mmoja, ya sekunde chache hadi dakika 2, yanayoamshwa na upepo, kunawa uso au kupiga mswaki, ni ya neva ya uso. Hayo kung'oa jino hakuyaponyi.

Picha ndizo zinazoharibika zaidi. Tumia kamera ya nyuma, washa taa yake, na mwombe mtu mwingine akupige. Vuta shavu kwa mpini wa kijiko safi, ukaushe mate kwa kitambaa safi. Mate yakibaki yanarudisha mwanga na jino linatoka jeupe tupu. Simu ikae mbali kama shubiri moja, kisha kuza picha. Ukiisogeza karibu mno picha inatoka na ukungu. Gusa skrini pale penye jino ndipo upige. Kwenye WhatsApp tuma kama faili, kwani picha ya kawaida hubanwa na ufa mwembamba au kipele cha usaha kwenye ufizi hupotea.

Kwa taya, shika rula. Fungua mdomo hadi mwisho, pima kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi la chini. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha milimita 40 au zaidi. Rekodi video ya uso mzima ukifungua na kufunga mara 3, daktari aone taya linakopinda. Kisha atakuomba ubonyeze misuli ya shavuni na kwenye panja kwa nguvu ya kilo 1. Watu wengi hubonyeza kidogo mno, kwa hiyo jizoeze kwanza: weka kidole juu ya mizani ya jikoni, sukuma hadi isome kilo 1. Mbele ya sikio, kwenye kiungo chenyewe, nusu kilo inatosha. Swali la kujibu ni hili: je, maumivu haya ndiyo yaleyale unayoyajua? Yakiwa ndiyo, chanzo kinaelekea kuwa msuli au kiungo. Hapo kitambaa cha moto kwa dakika 15 hadi 20, vyakula laini, na kuacha bablishi na miraa vinafanya kazi kubwa.

Dawa: kwa mtu mzima mwenye afya, parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, pamoja na ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiguse ibuprofeni bila kuuliza, na asiyekatazwa asiichanganye na diklofenaki. Antibayotiki haitulizi kiini kilichovimba. Aspirini iliyobandikwa kwenye ufizi huuchoma.

Ukiandikiwa kabamazepini kwa neva ya uso, taja dawa zote unazotumia. Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU, dolutegravir ikiwemo. Vipele vikitokea, acha na uende hospitali. Miadi inayofuata ya video njoo na daftari la kila siku: saa, muda, kilichoamsha, dawa uliyomeza. Na kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2 hakitibiwi kwa picha. Lazima kishikwe kwa mkono na pengine kikatwe kipande cha kupimwa.