Maswali na majibu: Neal, Del na safari ya saa mbili iliyokula siku tatu

Maswali yote ya safari hii yanahusu Planes, Trains and Automobiles, filamu ya vichekesho aliyoiandika na kuiongoza John Hughes, iliyotoka Novemba 1987. Steve Martin ni Neal Page, mtu wa matangazo ya biashara, nadhifu na mkavu. John Candy ni Del Griffith, mchuuzi wa pete za kutundikia mapazia ya bafuni, mdomo haupumziki. Jibu la mwisho linafichua mwisho wa filamu.

Haraka yote ile ya nini? Si wangengoja theluji iishe?

Sikukuu ya Shukrani ya Marekani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na uzito wake wote uko kwenye mlo wa siku ile ile. Ukifika Ijumaa, umekuta mabaki ya bata mzinga. Neal anatoka ofisini New York Jumanne jioni kuwahi mlo huo nyumbani kwake Chicago, wakati nchi nzima nayo iko njiani, na Del anajikuta msafiri mwenzake. Aliyewahi kutafuta tiketi ya basi la Moshi wiki ya Krismasi anaelewa kwa nini kila kaunta imejaa.

Nimepotea njiani. Wanapita wapi hasa?

Ndege inatoka New York kwenda Chicago. Uwanja wa O'Hare umefungwa kwa theluji, kwa hiyo inatua Wichita, Kansas, zaidi ya kilomita 900 kusini-magharibi mwa Chicago. Yaani wamepitilizishwa, na sasa inabidi warudi nyuma. Treni inawafia njiani Missouri, wanakata shamba kwa miguu na mizigo, kisha basi mpaka St. Louis. Kutoka hapo ni gari la kukodi, na mwishowe lori lenye jokofu. Ukiwa na ramani mkononi utaona kila chombo kinawasogeza kidogo tu kabla ya kuwaangusha.

Naweza kuitazama na watoto?

Marekani iliwekwa daraja la R: aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi. Sababu kubwa ni tukio moja katikati ya filamu, kwenye kaunta ya magari ya kukodi, ambapo tusi moja linarudiwa mara 18 ndani ya dakika moja hivi. Liruke hilo, lakini waeleze watoto kilichotokea: Neal ameachwa kwenye maegesho, gari lake halipo, na kwa hasira ameutupa mkataba. Bila mkataba hana gari. Utani wa kitandani moteli nao ni wa watu wazima.

Gari alilokodi Del liliunguaje?

Ni makosa yanayofuatana. Del anatupa sigara nje, upepo unairudisha kiti cha nyuma, haoni. Halafu anataka kuvua koti huku anaendesha, mikono inanasa, gari linayumba. Wanaingia barabara kuu upande usio wao na kupita katikati ya malori mawili. Wameshasimama na kukaa juu ya sanduku la Del kando ya barabara, wanahema, ndipo moto unapowaka nyuma yao. Pochi ya Neal yenye kadi zake imo humo ndani. Ndiyo maana moteli ya pili Neal analipa kwa dola 17 na saa yake ya mkononi. Del ana dola mbili na saa ya Casio, na Casio haipokelewi.

Mbona Neal anarudi stesheni alikomwacha Del? Alijuaje kwamba Del hana mtu nyumbani?

Kwa sababu Del alishasema yote, ila hakuna aliyekuwa akisikiliza. Itazame mara ya pili ukimfuata Del peke yake. Sanduku lake kubwa linatokea kabla yake: Neal anajikwaa juu yake akikimbizana na mwigizaji Kevin Bacon kuwahi teksi. Hakuna mchuuzi anayehitaji sanduku la ukubwa ule kwa safari ya siku mbili. Amebeba maisha yake. Chumbani anaweka picha ya mkewe Marie kando ya kitanda. Neal anapomkaripia, anajibu kwamba mkewe anampenda, kana kwamba yupo. Anataja kuwa hajafika nyumbani miaka mingi. Usiku, ndani ya gari lililoungua, theluji ikimwangukia, anaongea na Marie kwa sauti.

Wakishaagana, Neal akiwa peke yake kwenye treni ya Chicago, vipande hivyo vinaungana kichwani mwake. Candy anacheza kila dokezo bila kulisisitiza hata moja, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Akiulizwa stesheni, anasema Marie alifariki miaka minane iliyopita. Kisha angalia wanavyotembea kuelekea nyumbani kwa Neal: sanduku wamelishika wawili, kila mmoja upande wake.